Merikebu ya Anga Iliyopwelewa: Mwongozo kwa Atakaye Kuitungia Kisa

Ikiwa umeazimia kutunga kisa cha merikebu ya anga iliyoharibikiwa na mitambo mbali na kila bandari, watu wake wakiwa wachache na maadui zake wengi, basi kabla hujakata shauri juu ya jina la nahodha wala rangi ya miale ya silaha zake, nakusihi ufunge safari uende Mafia, ushuke Utende asubuhi ya bamvua, uketi mchangani baina ya saa moja na saa nne, uitazame Ghuba ya Chole ikikauka. Maji hutoka kwa nguvu katika Mlango wa Kinasi, mafungu yakaibuka moja baada ya moja, majani ya bahari yakalala, na mashua ambazo alfajiri zilikuwa zikiyumba juu ya nanga zake zikaonekana zimelalia ubavu, usukani uko juu ya mchanga, na watu wanazizunguka kwa miguu. Watu wa pwani wana neno lao kwa hali hiyo: husema chombo kimepwelewa. Hakikuvunjika, hakikuzama, wala hakikutekwa. Mbao zake ni nzima na mabaharia wake ni wazima, ila kile kilichokuwa kikikibeba kimeondoka na kukiacha, na sasa kila mwenye miguu aweza kukifikia. Ukilielewa neno hilo barabara umekwisha pata nusu ya kisa chako, na nusu ya pili ni hesabu.

Hesabu hiyo nilijifunza usiku mmoja nilipokuwa abiria katika mashua iliyotoka Jibondo kurudi Utende. Tulikawia kuondoka kwa ajili ya mtu mmoja ambaye kila alipokwisha kuaga nyumba moja alikumbuka nyingine, na jua lilipokuchwa maji yalikuwa yamekwisha tukimbia. Mkuku ukasugua mchanga mara ya kwanza, ukasugua mara ya pili, na mara ya tatu tukasimama. Vijana walitaka kujitosa wasukume. Nahodha, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwazuia, akaamuru magadi yategwe kila ubavu ili chombo kisilale, kisha akauliza maswali ambayo wakati ule niliyaona ya ajabu: dumu la maji matamu lina kiasi gani, ni nani aliyepakata mtoto, ni nani hajala tangu adhuhuri, na taa ina mafuta ya kufika saa ngapi. Alipokwisha kujibiwa ndipo aliposhuka na kurunzi kwenda kuupapasa mkuku.

“Mjomba, tutaondoka saa ngapi?” kijana mmoja alimwuliza.

“Leo mwezi ngapi?”

“Mwezi kumi na sita.”

“Basi ya alfajiri yatatosha. Lala.”

Jibondo ni kisiwa ambacho maji matamu ni haba, na mtu aliyelelewa huko hahitaji kufundishwa kwamba bahari iliyo tele haimnyweshi mtu. Nawe fanya kama alivyofanya mzee yule: kabla ya kuandika sentensi moja ya vita, chukua karatasi uorodheshe watu walio ndani ya merikebu yako na vitu vinavyowaweka hai. Mtu mmoja huhitaji oksijeni chini kidogo ya kilo moja kwa siku, na maji ya kunywa na kupikia lita tatu hivi. Naye katika siku hiyo hiyo hutoa kwa pumzi zake hewa ya ukaa yapata kilo moja, ambayo isipochujwa itamwua kabla oksijeni haijesha. Hapa ndipo watunzi wengi huteleza, kwa kudhani ya kuwa kifo cha ndani ya chombo kilichofungwa ni kifo cha kukosa hewa njema, ilhali aghalabu ni kifo cha kuzidiwa na hewa mbaya. Mwezi Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka katika chombo cha Kimarekani kiitwacho Apollo 13, safarini kwenda mwezini, wanaanga watatu walijisitiri katika chombo kidogo kilichotengenezwa kwa watu wawili. Oksijeni waliyokuwa nayo ilitosha, walakini machujio ya hewa ya ukaa yalikuwa machache, na yale ya akiba kutoka chombo kikubwa yalikuwa ya mraba hali matundu yake yalikuwa ya mviringo. Walipona kwa mifuko ya plastiki, vipande vya jalada la kitabu na utepe wa kunata, wakifuata maelekezo waliyosomewa kutoka Houston. Kisa chako kikiwa na ukurasa mmoja wa namna hiyo, ambamo mikono ya watu inaunganisha kitu na kitu kingine kisichokielekea, msomaji atakusamehe kurasa kumi za mizinga.

Ama kisa cha kweli kilichokaribiana mno na hicho utakacho kukitunga, hakikutokea angani. Kilitokea ng'ambo ya pili ya mkondo unaotenga Mafia na bara, na mwisho wake uliandaliwa kisiwani humu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye mizinga 10 ya kipenyo cha sentimita 10.5, iliingia Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha wake Max Looff. Vita vilipozuka mwezi Agosti ilikuwa imekwisha toka bandarini, ikaikamata meli ya Kiingereza City of Winchester katika Ghuba ya Aden. Lakini tangu siku zile za mwanzo adui wake mkali kuliko wote alikuwa ghala lake mwenyewe la makaa, maana Waingereza walikwisha yanunua makaa yaliyokuwa katika bandari za Wareno ili yasiifikie. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliivamia bandari ya Unguja, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Baada ya hapo kiungo kimoja cha mtambo wake yenyewe kikavunjika, ikalazimika kujificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Aliyemkuta mwenziwe amefungua mitambo akampiga, sasa mitambo yake ndiyo inayofunguliwa: sadfa kama hiyo ukiibuni wewe, usiitumie zaidi ya mara moja.

Zingatia kwamba ni kiungo kimoja tu. Watunzi wachanga hupenda kuiharibu merikebu yao yote, injini zikawaka moto, kuta zikapasuka, taa zikazimika, hata msomaji akakata tamaa kabla ya mashujaa wenyewe. Hali chombo kizima chenye kasoro moja ndicho kinachotesa moyo, kwa kuwa kila siku mtu hujiambia ya kuwa kesho kitaondoka. Kiungo kile cha Königsberg kilitolewa, kikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, kikatengenezwa katika karakana na kurudishwa, na kabla ya manowari kupata nafasi ya kutoka, milango ya delta ilikuwa imekwisha lindwa. Waliokivuta chuma kile katika njia za matope na mchanga ni watu wa nchi hii, na majina yao huyaoni katika vitabu, ambavyo hata jina la mbwa wa afisa huwa havikulisahau. Katika merikebu yako ya anga pia watakuwapo wabebaji: mpakuzi wa shehena, mfuaji wa maji ya ngama, mpishi. Mmoja wao mpe macho ya kusimulia, kwa sababu nahodha hutazama ramani, na mpishi ndiye ajuaye gunia limebaki na vibaba vingapi.

Juu ya maficho, jifunze kwa Looff na ujifunze pia mahali ambapo mfano wake haukufai. Delta ya Rufiji ina milango mingi, Kikunya, Simba Uranga na mingineyo, na meli ya Kijerumani Möwe ilikuwa imekwisha ipima, hata Wajerumani walikuwa na ramani ambazo wawindaji wao hawakuwa nazo. Fauka ya hayo, manowari kubwa za Kiingereza zilikaa chini mno majini, zisiweze kuingia. Königsberg ikafunikwa matawi. Iligunduliwa tarehe 30 Oktoba 1914 na manowari Chatham, na mwezi uliofuata meli kuukuu iitwayo Newbridge ikazamishwa makusudi katika mlango mmojawapo ili kuuziba. Lakini angani hakuna mikoko. Chombo chenye watu hai hutoa joto, joto hilo halina njia ya kutoka ila kwa mnururisho, na katika baridi kuu ya anga hung'aa machoni mwa darubini ya adui kama jiko usiku wa giza. Ukitaka kuificha merikebu yako, iweke nyuma ya kitu kikubwa, au mbele ya kitu chenye joto kuizidi, au katika vumbi na mawe ya pete za Zohali. Na kila siku wanayojificha, joto wanalolizuia lisitoke liwarudie wao wenyewe, vyumba vikawa tanuri, watu wakavua mashati. Hapo maficho yenyewe yanakuwa mateso, kama delta ilivyokuwa kwa mabaharia wa Looff waliodhoofishwa na homa miezi tisa na ziada.

Wala usiwafanye washambuliaji kuwa majini wasioshindwa na kitu. Waingereza walitafuta ndege. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliajiriwa huko Durban pamoja na ndege yake ya majini, akafanyia kazi yake Nyororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia. Aliiona manowari, kisha mwezi Desemba mtambo wake ukamwangusha mtoni, akatekwa. Januari 1915 kisiwa cha Mafia kikatwaliwa na askari wa Kiingereza, na ndege nyingine zikaletwa, ambazo joto na unyevu wa pwani yetu viliziharibu gundi na mbao hata nyingine zikashindwa kuinuka na mzigo wake. Hatimaye ukafyekwa uwanja hapa Mafia, zikaja ndege za magurudumu, na zikavutwa kwa kamba kutoka Malta manowari mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo asili yake ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazili na kwa hiyo zilielea katika maji haba. Mpe na adui wako taabu ya namna hiyo: silaha iliyoundwa kwa nchi nyingine, mitambo isiyoipenda hewa ya mahali, na barua za wakubwa wa mbali wanaouliza kwa nini kazi haijesha.

Kuna tukio moja la wakati huo ambalo ningeliiba kama ningekuwa mtunzi wa visa vya anga. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojibadilisha jina na kujifanya ya Kidenmaki, iliwasili na makaa ya Königsberg pamoja na silaha za jeshi la nchi kavu. Ilipofumaniwa karibu na Tanga na manowari Hyacinth, iliingia Ghuba ya Manza, mabaharia wake wakaitia maji wenyewe wakiwasha moto juu ya sitaha, na Waingereza walipouona moshi wakaihesabu kuwa imekwisha, wakaenda zao. Silaha zilitolewa baadaye kwa utulivu. Makaa ndiyo yaliyokosa maana, kwa kuwa chombo kilichoyangojea kilikuwa mbali kusini, kimefungiwa. Msaada uliofika karibu ukasimama pasipofikika huumiza msomaji kuliko msaada usiokuja kabisa.

Katika mapigano yenyewe, shughuli yote ilikuwa ya macho. Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia mtoni, zikapiga manowari ambayo hazikuiona, kwa kuwa mikoko ilikuwa katikati. Ndege iliyoruka kutoka Mafia ndiyo iliyotazama makombora yanaangukia wapi na kuwapasha habari kwa simu ya upepo. Wajerumani nao walikuwa na watazamaji wao waliojificha mtini ukingoni mwa mto, na macho hayo yalipopofushwa, mizinga ya Königsberg ikaanza kukosa shabaha. Siku ile Mersey ilipigwa vibaya, wakarudi nyuma. Tarehe 11 Julai wakaja tena. Rubani Cull na mtazamaji wake Arnold walikuwa juu ndege yao ilipopigwa, na mtambo ukazimika. Basi wakati ndege ikiteremka kimya kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha, kidole chake kikigonga kitufe huku maji yakiwakaribia, mpaka wakaanguka jirani na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Baada ya muda Looff akaamuru manowari yake ilipuliwe kwa kombora lake yenyewe la majini.

Tafsiri jambo hili katika lugha ya anga, na utaona kwamba maarifa ya sayansi hayakuzuii kutunga, bali yanakupa mateso ya bure. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna simu ya upepo iendayo kasi kuliko hiyo. Neno likitumwa kutoka mwezini hutufikia baada ya sekunde moja na robo hivi, lakini kutoka Mirihi huchukua baina ya dakika 3 na 22, kwa kadiri sayari hizo zinavyokaribiana na kutengana. Mtazamaji wako akiwa mbali kiasi hicho, kila sahihisho atakalotuma linahusu jambo lililokwisha pita. Mruhusu mtu wa merikebuni aipokee sauti ya rafikiye ikimwonya “geuka kushoto,” naye akijua kwamba kushoto kwenyewe kulikuwa kushoto kwa robo saa iliyopita. Na kwa kuwa anga halina hewa ya kubeba sauti, milipuko yote ya nje iwe kimya. Kinachosikika ni kile kinachopita katika mataruma ya chombo na kuingia katika nyayo za watu.

Jambo jingine ambalo mtu wa pwani analijua kuliko mwandishi wa mji wa bara ni msimu. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na kurudi na kusi, na nahodha aliyekawia bandarini kwa tamaa ya faida hata pepo zikageuka alikaa mpaka mwaka wa pili, akaoa, akajenga, wengine hawakurudi kamwe. Anga nalo lina misimu: dunia na Mirihi hukaa katika mkao ufaao kwa safari kila baada ya miezi 26 hivi, na chombo kilichopitwa na mkao huo kimepwelewa ingawa mitambo yake ni mizima. Usilione jambo hili kuwa geni kwetu. Mwezi Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, satelaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ikawa chombo cha kwanza kilichotengwa mahsusi kuzichungua nyota kwa miale ya eksirei. Bahari ile ile iliyopitiwa na majahazi ndiyo iliyoshika miguu ya jukwaa hilo.

Ikiwa unataka hila ya ndani, yaani msaliti, usiende mbali. Vuka ghuba uende Juani, katika magofu ya Kua, mji ambao Wasakalava wa Bukini waliuteketeza katika karne ya 19, na uwaombe wazee wakusimulie uhasama wa Kua na mji wa Kisimani. Husimuliwa ya kuwa upande mmoja uliwaalika wenzao harusini, ukawakalisha katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja kwa udhuru wa kwenda kutazama chakula, akabaki mzee mmoja tu wa kuwachangamsha wageni, naye akawachangamsha hata milango ikajengwa kwa mawe wasitambue. Ni hekaya, siitii katika tarehe. Lakini mtazame yule mzee, aliyekubali kubaki. Chumba kilichozibwa, hewa inayopungua, na mmoja anayejua huku akiendelea kusimulia mambo ya kuchekesha: mweke mtu huyo katika merikebu yako, na hutahitaji jitu lenye pembe.

Juu ya lugha nina neno fupi na pengine kali kidogo. Sehemu za chombo tunazo zote: omo, tezi, ngama, mkuku, taruma, sitaha, usukani, na watu wake tunao, nahodha, serahangi, rubani, baharia. Anayeandika merikebu ya anga kwa maneno ya kuazima matupu, kana kwamba babu zake hawakupata kuona chombo, amejinyima ufasaha aliokuwa nao nyumbani. Azima pale tu penye kitu kipya, na ukishaazima usikieleze mara tatu.

Na hatima, usiifanye mlipuko. Königsberg ilipokwisha kuzama katika matope ya Rufiji, mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutiwa magurudumu, ikaburutwa nchi nzima na watu na ng'ombe pamoja na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck. Mmoja upo leo Fort Jesus huko Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus, chombo ulichokizamisha wenyewe. Mwingine ulipelekwa Kigoma, ukafungwa katika meli Goetzen, ukasafiri juu ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo nayo ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 ikabeba abiria na magunia ya dagaa kwa jina la Liemba. Kwa hiyo ukishaizamisha merikebu yako, usiweke kalamu chini. Andika ukurasa mmoja zaidi: ni kitu gani kilichotolewa ndani yake, ni nani aliyekibeba begani, na kilipelekwa wapi.